Nimefunga honi ya upepo kwenye Toyota IST yangu, nikaamsha mtaa mzima

Kama umewahi kuendesha IST barabara ya Morogoro unaijua ile honi yake, piiip, kama dogo anayepiga hodi kwa watu wanaomdai. Mjini inatosha tu, bodaboda anaisikia, bajaji anajifanya hajasikia ila kasikia. Shida ni huko barabara kuu. Mwezi wa tatu nilikuwa natoka Chalinze narudi Dar, karibu na Mlandizi kuna lori la semi lenye tela lilikuwa limepaki pembeni, nikiwa tayari niko ubavuni kwake likaanza kuingia barabarani, nikabonyeza honi mpaka kidole gumba kikauma, dereva hana habari kabisa, injini ya lori inanguruma na mimi huku chini napiga piiip, ikabidi nihamie upande wa pili na ni bahati tu hakukuwa na gari inayokuja. Nilisimama sheli ya mbele nikanywa maji, magoti yanacheza. Hapo hapo nikaamua.

Jumamosi nikaenda Gerezani. Nilitoka na boksi la elfu 45 baada ya kuanzia elfu 70, ndani kuna kikompresa chekundu ukubwa wa kopo la soda, tarumbeta mbili za plastiki, moja ndefu moja fupi (ndefu inatoa sauti nene, fupi inatoa nyembamba, zikilia pamoja ndo unapata ile sauti ya basi), kipande cha mpira wa upepo, kiungo cha T, rilei moja (kiswichi cha umeme, ntakieleza huko mbele) na maboli. Boksi limeandikwa desibeli 150, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Bana, tusidanganyane. Honi ya kawaida ya gari inacheza kwenye 105 mpaka 110 hivi, na desibeli hazihesabiwi kama shilingi, kila ukiongeza 10 maana yake nguvu ya sauti imezidishwa mara 10, kwahiyo kutoka 110 kwenda 150 ni mara 10,000, kwa kikompresa kile? Nikamwambia muuzaji akacheka, akasema kaka wewe funga tu utanishukuru.

Sasa kosa langu la kwanza, nilimpa fundi wa chini ya mti. Sina neno baya na mafundi wa chini ya mti, breki zangu wanashika wao miaka yote, ila huyu wa umeme alinimaliza. Alichomoa waya wa honi ya orijino akaupachika moja kwa moja kwenye kompresa, dakika kumi kamaliza. Nikamuuliza na hii rilei? Akasema iyo ya ziada tu wanaweka kujaza boksi, akaitia mfukoni. Nikabonyeza, ikalia, nikafurahi, nikamlipa.

Siku ya tatu ikanyamaza. Fyuzi imekatika. Nikarudi kwake, akaweka fyuzi kubwa zaidi, ya ampea 30, akasema hii saivi haikatiki ng'o. Na kweli haikukatika. Kilichoungua ni waya. Niko foleni Ubungo nasikia harufu ya plastiki, nikadhani ni gari ya jirani, kumbe ni yangu, nafungua boneti naona waya wa honi umeyeyuka ganda umegandana na wenzake.

Ntaeleza kwanini maana hili ndo la muhimu kuliko yote. Kompresa yangu imeandikwa ampea 20. Zidisha kwa volti 12 unapata wati 240. Taa zako kubwa mbili za mbele, zile balbu za kawaida za wati 55, jumla ni 110, yaani kale kakopo kanakula umeme kuliko taa zote mbili mara mbili na ushee. Honi ya orijino inakula ampea chache tu, tatu nne hivi, kwahiyo kiwandani wameipa kawaya kembamba na fyuzi ndogo. Fyuzi ipo pale kulinda waya, siyo kulinda honi. Ukiweka fyuzi kubwa kwenye waya mwembamba umeugeuza waya wenyewe kuwa ndo fyuzi.

Nikaamua nafunga mwenyewe. Rilei ni kitu rahisi ukishaielewa, ni swichi inayobonyezwa na sumaku. Miguu 85 na 86 ndo koili, umeme kidogo sana ukipita hapo, haufiki hata robo ampea, sumaku inavuta chuma na mguu 30 unaungana na 87. Kwahiyo ule waya mwembamba wa honi ya orijino haubebi tena mzigo, unatoa amri tu. Mzigo unatoka betri kwa waya wake mwenyewe. Nilinunua waya wa 2.5 wa magari, ule wenye nyuzi nyingi ndani, na usije ukakata kipande cha waya wa nyumba kilichobaki kwenye ujenzi, ule wa uzi mmoja mgumu gari ikitetemeka mwezi mzima unakatikia ndani hata huoni.

Mpangilio wangu: kutoka plasi ya betri, kama sentimita 15 tu mbele kuna kikasha cha fyuzi ya 25, alafu mguu 30. Fyuzi ikae karibu na betri kwasababu kile kipande kabla ya fyuzi hakilindwi na kitu, kikigusa bodi ndo moto. 87 unaenda plasi ya kompresa. Mainasi ya kompresa inaenda ethi kwenye boli ya bodi, na hapo kwaruza rangi mpaka uone chuma kinang'aa, mimi mwanzo sikukwaruza honi ikawa inakoroma kama mzee ana mafua. 86 inachukua amri kwenye waya wa honi ya orijino (niliukata ule ulioungua nikaunga mpya, na honi yenyewe nikairudisha inalia pamoja), 85 ethi. Basi.

Sasa kwa vile rilei ya kwenye boksi fundi alibaki nayo, nilinunua nyingine dukani, na mwenye duka akanipa ya miguu mitano. Ule mguu wa katikati unaitwa 87a, na herufi zake ndogo kweli, mtu una miaka 40 unavua miwani unavaa miwani. Huo mguu kazi yake ni kinyume, umeungana na 30 muda wote rilei ikiwa imelala, ukibonyeza ndo unaachia. Mnajua waya wa kompresa nimeuchomeka wapi.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Narudisha fyuzi kwenye kikasha na gari ikalia PAAAAAAA bila kugusa usukani. Nikakimbilia usukani nabonyeza, eti nibonyeze inyamaze, na kweli ile kubwa inanyamaza, inabaki piiip ya orijino! nikiachia kubwa inalia tena. Kwahiyo nimekaa pale nimeshika honi ili ile kubwa isilie, siwezi kutoka kwenda kuchomoa fyuzi, namuita mke wangu, mke wangu anadhani napigia watu honi kwa makusudi kagoma kutoka nje. Mwishowe nikaachia nikakimbia nikachomoa, kama sekunde tano hivi, lakini zile sekunde tano mzee wa nyumba ya pili alishatoka na shuka kiunoni. Mpaka leo nikimwambia shikamoo anaitika marahaba huku anaangalia gari.

Kompresa nimeifunga imesimama wima, tundu la upepo juu, ndivyo karatasi ya boksi inavyotaka na ukiilaza inachoka mapema. Mpira wa upepo ukate mfupi kadri inavyowezekana, ukiwa mrefu unabonyeza alafu sauti inakuja baadae, na honi inayochelewa ni ya kazi gani. Na usiishikilie muda mrefu, sekunde chache unaachia, kale kamota kanapata moto haraka sana.

Kitu kimoja nilichoongeza ambacho hakipo kwenye boksi ni swichi. Waya wa amri unaoenda 86 niliupitisha kwenye ule mpira wa ukuta wa injini ukaingia ndani, nikaweka kiswichi chini ya dashibodi. Kikizimwa inalia piiip peke yake, kikiwashwa zinalia zote. Mjini nazima. Siwezi kupita na ile kitu nje ya hospitali au kumpigia mama wa watu anayevusha watoto, atakufa kwa presha. Nikishapita Kibaha nawasha. Mwezi uliopita nilienda Iringa, kwenye kona za mlima Kitonga nilikuwa napiga fupi moja kabla ya kona kali, na malori yanayoshuka yalikuwa yanaitikia, kitu ambacho na piiip hakijawahi kutokea.

Kasoro imebaki moja. Tarumbeta nilizifunga nyuma ya grili zimeangalia juu kidogo maana hapo ndo palikuwa na nafasi, mvua ya juzi nimepita Jangwani maji yako nusu tairi, baadae najaribu honi inatoa sauti ya mtu anasukutua. Nimezifungua nikamwaga maji, karibu kikombe kizima, na kesho nikipata spana namba 10 yangu aliyoazima shemeji nazigeuza midomo iangalie chini.