Programu ya bamvua: mwezi wa kuthibitisha kwamba ni yangu

Tangu toleo la kwanza, programu hii inayokokotoa siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kwa wavuvi wa Pangani imesambaa kwa mkono: mimi humtumia mvuvi mmoja faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu, naye huwapelekea wenzake kwa WhatsApp. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitadai mtengenezaji awe amethibitishwa utambulisho, hata kwa programu isiyotoka Play Store. Utaratibu huo umepangwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Sikutaka kungoja zamu yetu ifike, kwa hiyo mwezi huu hesabu za mwandamo wa mwezi, ambazo programu huzitumia kujua siku hizo, sikuzigusa kabisa.

Ada ya dola 25 na pasipoti havikunisumbua. Kilichonichelewesha ni uthibitisho wa anwani, kwa sababu bili ya maji ina jina la mwenye nyumba, na taarifa yangu ya benki ilikuwa na majina mawili ilhali pasipoti ina matatu. Ilikataliwa mara moja, ikapokewa baada ya benki kuandika majina yote.

Kazi kubwa ilikuwa ufunguo, yaani faili la siri la kuitilia programu saini ya kidijitali. Kila jina la kifurushi, yaani jina la kipekee linaloitambulisha programu ndani ya Android, huandikishwa pamoja na ufunguo uliotumika kuitia programu saini, na anayedai jina lililokwisha kusambaa hutakiwa kutengeneza APK yenye maandishi maalumu aliyopewa na Google, kisha aitie saini kwa ufunguo uleule wa zamani. Naliona sharti hili kuwa la haki kuliko lile la pasipoti, maana pasipoti haiwezi kuonyesha kwamba faili lililomo katika simu ya mvuvi lilitoka kwangu. Ufunguo wangu niliutengeneza mwaka 2021 kwenye kompyuta ambayo imekwisha kufa, na nakala pekee ilikuwa katika flashi niliyoikuta ndani ya mkoba wa vyeti. Nililichukua faili kutoka simu ya mzee aliyeanza kuitumia programu hii, nikalinganisha alama ya SHA-256 (inayotambulisha ufunguo) ya saini yake na ya ufunguo wa flashi, tarakimu na herufi 64, moja baada ya nyingine. Zililingana zote, nikashukuru Mungu.

Nataka programu ipatikane Play Store pia, na huko nako nimepakia ufunguo huohuo badala ya kuacha utengenezwe mpya. Saini ikibadilika, simu hukataa toleo jipya hadi lile la zamani liondolewe, na likiondolewa, kumbukumbu za samaki waliovuliwa kwa miaka minne zinapotea nalo.

Limebaki jaribio ambalo Play Store hulilazimisha kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023: wajaribu 12 wasiojitoa kwa siku 14 mfululizo. Ninao tisa. Jumamosi ni maji mafu, wavuvi wengi watakuwa pwani wakishona nyavu, nami nitawafuata hukohuko kuwaomba watatu waliosalia.