Difu ya Kujifunga Kwenye Mteremko wa Mtae

Nilipandisha mabati arobaini na mifuko kumi ya saruji mpaka Mtae bila kukwama hata mara moja. Siku nne baadaye nikashuka na gari tupu, na gari hilohilo likateleza kwa nyuma hadi ukingoni mwa bonde. Nimerudi Tanga salama, lakini naandika kwa sababu wiki sita kabla ya safari nilifunga kifaa cha kujifunga chenyewe ndani ya difu ya nyuma, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili, nikiamini nimeagana na tope, na hakuna aliyeniambia upande wake wa pili.

Hilux yangu ndiyo gari pekee la nyumbani. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana iko nje ya ofisi, Jumamosi inabeba gesi na mchele. Lakini mke wangu kwao ni Mtae, kule juu kabisa Usambara mlima unapokatika ukaiona mbuga ya Mkomazi chini yako, na kila masika tulikuwa tunakwama njiani. Difu ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya kona: tairi la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo gia ndogo za katikati huyaachia yazunguke kwa kasi tofauti. Ubaya wake ni kwamba nguvu inayofika kwenye matairi hayo mawili haizidiani. Moja likikanyaga utelezi likakosa mshiko, mwenzake hata akiwa kwenye ardhi kavu hupata nguvu kidogo ileile. Gari linasimama, tairi moja linarusha matope.

Hii ya kujifunga yenyewe haina swichi, haina waya wala mpira wa upepo. Fundi alichomoa hafu shafti, vile vyuma vinavyozungusha matairi, akashusha kichwa cha difu, akatoa zile gia ndogo na kuweka mahali pake vipande vyenye meno vinavyobanana ukikanyaga mafuta. Kraunwili na pinioni, zile gia mbili zinazoingiza nguvu ya injini kwenye difu, hakuzigusa. Ukienda moja kwa moja, matairi ya nyuma huwa kama yamechomelewa pamoja. Ukikata kona, la nje likitaka kukimbia zaidi, meno yanaruka: ta, ta, ta, ta. Kwa laki tisa na kitu, pamoja na usafiri wa kutoka nje, mbali na ya fundi. Mke wangu alipojua bei alinyamaza siku nzima.

Kutoka Tanga mpaka Mombo sina la kusema, ni lami. Mombo kwenda Soni ndipo nilipoanza kuisikia. Zile kona zimekunjana mwambani, ukimaliza moja umeingia nyingine, na kila kona difu inahesabu meno. Nikikanyaga mafuta katikati ya kona, pua ya gari inataka kwenda moja kwa moja, kwa sababu tairi la ndani ndilo linalosukuma. Nikiachia mafuta ghafla, kunalia kishindo nyuma na gari linajitikisa kama mtu aliyeguswa bega. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa niliyemchukua anisaidie kushusha mzigo, akaniuliza, "Mjomba, kuna kitu kimevunjika?" Nikamwambia ndivyo ilivyo, inataka kuzoewa. Na kweli inazoeleka: unaingia kona taratibu, unashika mafuta kiasi kilekile mpaka utoke.

Tulilala Lushoto. Chumba elfu thelathini na tano, maji ya bomba ya baridi ya kuumiza mifupa, na ndoo ya maji ya moto inalipiwa elfu mbili pembeni. Kwa mji wenye baridi vile, maji ya moto yangepaswa kuwa ndani ya bei. Niliwaambia asubuhi, wakanipa pole.

Kupanda kulikuwa raha. Lami ilipotuacha tukakuta udongo mwekundu ulionyeshewa usiku. Mbele ya Lukozi kulikuwa na pikapu mbili zimekwama kwenye mwinuko, watu wamezizunguka na majembe. Nikaweka foo wili, nikapita pembeni yao polepole, mzigo umeikandamiza nyuma, matairi yote mawili yanakula udongo sawasawa. Mpwa wangu alipiga makofi. Mimi moyoni nilikuwa nimejaa.

Mtae tulikaa siku tatu. Mama mkwe alifurahi, saruji haikulowa.

Siku ya kurudi mvua ilianza alfajiri. Mama alitupakilia gunia la mapeasi, tukaondoka na bodi ikiwa tupu. Tulikuwa tumepita Sunga, mahali ambapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na imeinamia upande wa bonde. Niliweka gia ya kwanza nzito, ile ya foo wili ya mwendo wa polepole kabisa, nikaachia mafuta kabisa ili injini izuie gari, kama nilivyofundishwa tangu nilipoanza kuendesha. Pale pale nikahisi kiti kinaondoka. Nyuma ilianza kuteleza kwenda bondeni, bila sauti, bila haraka. Nilikata stelingi, haikusaidia. Tulisimama kwa sababu ya kisiki cha mkaratusi kilichoshika rimu ya nyuma. Chini yake kulikuwa na shamba la viazi, lakini mbali.

Nikafanya kosa la pili: nikakanyaga mafuta nitoke. Matairi yote mawili ya nyuma yakazunguka pamoja na gari likasogea tena kwenye ukingo, kama shibiri moja. Nikajaribu tena, shibiri nyingine. Mpwa wangu akapiga kelele, "Mjomba, acha mafuta!" Nikaacha, nikazima. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nilishindwa kufungua mlango mara ya kwanza.

Nyuma yetu lilikuja Fuso limejaa kabichi za soko la Ilala. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, alishuka na mwavuli, hakusema neno mpaka alipoinama akaangalia alama za matairi kwenye tope.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Difu umeifunga?"

Nilishangaa amejuaje. Akanionyesha michirizi miwili iliyochimbika sawa, yote imepinda kuelekea bondeni. Gari lenye difu wazi, yaani ile ya kawaida isiyojifunga, akasema, lingechimba mchirizi mmoja tu. "Kwenye difu wazi, mwanangu, tairi moja likizunguka, jingine limetulia. Hilo lililotulia halikusogezi mbele, lakini linakushika usiende pembeni. Ndiyo nanga yako. Wewe nanga umeing'oa. Yakiteleza, yanateleza yote, na kinachoteleza mahali palipoinama hakina pa kwenda ila chini."

Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo tangu siku ile. Nilinunua nguvu ya kwenda mbele, na nilichotoa kulipia nguvu hiyo ni kile kilichokuwa kinanizuia nisiende upande. Na kuachia mafuta kwenye gia nzito, gari likiwa jepesi nyuma, kuliyabana matairi yote mawili kwa pamoja mpaka yakakosa mshiko. Ningetumia gia ya pili, mafuta kidogo ya kuyafanya yaendelee kubingirika, pengine tungepita.

Kujitoa kulichukua saa mbili na nusu. Vijana sita wa pale walitaka elfu kumi kila mmoja kabla hawajagusa jembe, mvua inanyesha, na bei haikushuka. Elfu sitini! Nililipa kwa uchungu. Mzee ndiye aliyeelekeza: wakachimba mfereji upande wa mlimani ili matairi ya juu yakae ndani yake, tukapunguza upepo wa matairi, tukafunga kamba kutoka nyuma ya gari kwenye mti wa upande wa juu, vijana wakaivuta ibane huku mimi nikienda mbele kwa gia ya pili, mguu umegusa tu mafuta. Nyuma ikaingia kwenye mfereji, ikatulia. Nilipompa mzee pesa alikataa, akasema kabichi zinamsubiri.

Njia nzima hadi Mombo nilimfikiria marehemu baba. Alikuwa na pikapu kuukuu yenye difu wazi, tukienda nayo Handeni kwa babu. Tairi moja likianza kuzunguka bure, alikuwa anavuta hendibreki kidogo, kidogo tu, tairi lile linazuiliwa na nguvu inahamia kwa mwenzake, gari linatoka. Mtoto mimi nilidhani ni uganga. Na kabla ya kila korongo alikuwa anashuka, anavua viatu, anatembea kwanza kwa miguu kuona udongo unasemaje. Sisi tulikuwa tunachoka kumsubiri. Siku ya Sunga sikushuka. Sikuona haja, kwa sababu nilikuwa nimefunga difu ya laki tisa.

Fundi ameniuliza kama aitoe. Nimemwambia aiache. Makorongo ya kwetu yanahitaji nguvu ile, na mjini nimeshaizoea sauti yake. Nimenunua matairi mawili mapya ya nyuma ya saizi moja, maana fundi anasema yakipishana kimo difu itakuwa inaruka meno hata kwenye njia iliyonyooka. Nimenunua kamba ndefu na jembe, na mifuko minne ya mchanga inayokaa kwenye bodi kila tukienda milimani bila mzigo.

Juzi mama mkwe alipiga simu. Mabati yamepigwa, anauliza tunakwenda lini kuiona nyumba. Nilimuuliza mvua imekatika lini. Akasema jana usiku. Nikamwambia, mama, tupe siku nne za jua.