Bwana, ni lini tulipokuona?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nimekaa sana kwenye Mathayo 25, mstari wa 31 hadi 46, pale Yesu anaposimulia hukumu ya mwisho: Mfalme anawaambia watu kwamba walipomlisha mhitaji walimlisha yeye, na walipomnyima walimnyima yeye. Tukiisoma sura hii huwa tunakimbilia kondoo na mbuzi, nani kuume, nani kushoto. Safari hii mimi nimekwama kwenye swali. Waliobarikiwa na waliofukuzwa wote wanauliza jambo lile lile: Bwana, ni lini tulipokuona?

Kwamba waliomnyima hawakumjua, hilo linaeleweka. Lakini hata waliomlisha hawakumjua! Walimpa maji mwenye kiu kwa sababu alikuwa na kiu, basi. Nami naona utamu wa Injili uko hapo: Kristo anakubali kuhudumiwa na watu wasiojua kuwa ni yeye.

Nilipokuwa nikimuuguza mama yangu, usiku mmoja usingizi ulinishinda pale pale kitini. Nilipozinduka, kumbe mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha pili ameinama juu ya mama yangu. Mkononi ana kitambaa na kikombe cha maji. Anachovya ncha ya kitambaa, anaikamua kwa vidole viwili, analowesha midomo iliyopasuka, anasubiri mama ameze. Anachovya tena. Hakuwa na haraka hata kidogo, na mumewe mwenyewe alikuwa hoi. Siku zile nilikuwa nikimlilia Mungu anipe neno lolote, japo moja. Usiku ule nilichosikia ni matone yakirudi kikombeni, na moyo wangu ukatulia.

Neno letu "rehema" tumelipata kwa Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa neno la tumbo la uzazi. Kiebrania cha Agano la Kale nacho ni hivyo hivyo. Naye Luka, katika sura ya 10, anaposema Msamaria alimhurumia yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, anatumia kitenzi cha Kigiriki kilichotokana na neno la matumbo. Yaani huruma inamkata mtu tumboni kwanza, ndipo mikono inafuata. Msamaria akafunga majeraha, akayatia mafuta na divai, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akatoa dinari 2, ujira wa kibarua wa siku 2. Hatusomi popote kwamba alimhubiria. (Kuhubiri ni kwema, na mimi nahubiri. Ila yule mtu alikuwa anavuja damu.)

Asubuhi nilimfuata yule mama kumshukuru. Akashangaa kweli.

"Kwa lipi tena, mwanangu?"

Nikamwambia, yale maji ya usiku. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka, kisha akaniuliza kama mama amepata usingizi.