Jinsi tulivyodai saa zetu kwenye kituo cha watoto, Moshi

Mimi ni mama mlezi kwenye makao madogo ya watoto, pembezoni mwa mji wa Moshi. Jina la kituo silitaji: bado nafanya kazi pale, na watoto wenyewe hawajaomba kutangazwa. Tuna watoto 18, wanne kati yao wachanga. Walezi tulikuwa wanne, wawili mchana na wawili usiku, saa 1 hadi saa 1, siku sita kwa wiki. Mshahara ulikuwa Sh 200,000 kabla ya makato. Mkataba wa maandishi hakuna.

Niseme mapema kwamba hakuna aliyetupiga wala kututukana, na chakula tulikula kilekile cha watoto. Watu wakisikia habari za kunyanyaswa kazini wanasubiri kisa cha kutisha. Chetu kilikuwa cha saa tu. Saa zilikuwa nyingi mno, na za usiku zilihesabiwa kama usingizi.

"Si mnalala nao chumba kimoja?" meneja alikuwa akituambia. Siku nyingine akaongeza, "Mama, hii ni huduma. Mama gani anamdai mwanawe ovataimu?" Ukijibiwa hivyo mbele ya wageni unabaki kucheka, maana ukinuna utaonekana huna upendo. Na wageni hawakatiki. Kila msimu linakuja kundi la vijana wa kujitolea kutoka nje, wanapaka rangi ukuta wa mbele, wanapiga picha, wanaondoka. Ukuta ule umepakwa rangi mara nyingi kuliko ukuta mwingine wowote ninaoufahamu hapa Moshi.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Saa 3 unachemsha maji, unapima maziwa ya kopo, unamlisha wa kwanza, unampigapiga mgongoni hadi acheue. Hujamlaza, wa pili ameamka. Ukimaliza wa nne, wa kwanza kashachafua nepi, na ukitupa jicho saa ya ukutani imekaribia saa 6, zamu ya maziwa inaanza upya. Mwenye homa unampima kila baada ya muda na kumfuta kwa maji ya uvuguvugu. Mwenzako yuko chumba cha wakubwa na wanaokojoa kitandani. Godoro la mlezi lipo, ni kweli. Mimi nililitumia kuwekea nepi safi.

Haya yote yaliandikwa. Kituo kina daftari la makabidhiano, na sheria ya ndani inasema kila chupa ya maziwa iandikwe saa yake na kiasi chake, kila nepi, kila dawa, kisha mlezi asaini. Meneja alilisimamia sana, kwa sababu maofisa wa ustawi wa jamii wakija ndilo la kwanza kuulizwa. Kwa hiyo ushahidi kwamba usiku hatulali ulikuwa mezani kwake, umesainiwa, na kurasa zina namba. Tulianza kupiga picha kurasa zetu kwa simu, majina ya watoto tukiyafunika kwa kipande cha karatasi, kwa kuwa mambo ya afya ya mtoto si ya kuzungushwa kwenye simu za watu.

Kugoma hatukulifikiria hata kidogo. Mtoto wa miezi minne hajui mgomo ni nini, yeye anajua njaa.

Nilikwenda ofisi ya kazi nikiwa na picha zile na jumbe za mshahara zilizoingia kwenye simu. Afisa kazi aliniuliza, "Una mkataba, mama?" Nikamwambia sina, baba. Akasema, "Basi asiye na mkataba ni yeye, si wewe." Nilidhani ananifariji. Kumbe ndiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyosema: ni wajibu wa mwajiri kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kesi ikifika mbele asipoweza kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana unakuwa wake.

Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki. Zinazozidi ni za makubaliano, hazipaswi kupita 50 ndani ya wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Sisi tulikuwa tunafanya 72 kwa wiki, yaani ziada ya 27, na kwa wiki nne 108. Kuna pia nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa iliyo kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa mshahara wetu hiyo ni kama shilingi 51 kwa saa, usiku mzima hununui hata soda, lakini tuliidai nayo.

Hesabu ya saa moja unaipata kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45. Kwetu ilitoka Sh 1,026, na saa ya ziada Sh 1,539. Zidisha kwa 27, halafu kwa walezi wanne, halafu irudishe kwenye mwezi: karibu Sh 720,000. Tulipoiona namba hiyo tulinyamaza. Tulijua kituo hakina uwezo wa kuilipa kila mwezi, na tulijua wakishindwa watoto watatawanywa.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja, aliyewahi kuuza dukani Mbuyuni na hesabu anazipenda, alipogeuza swali. Kituo kinahitaji saa ngapi za ulezi kwa wiki? Wanne mara 72 ni 288. Tukiwa sita, kila mtu anabeba 48, zamu nne za saa 12, na ziada inabaki saa 3 tu. Sheria inaruhusu zamu ya hadi saa 12 kwa siku zisizozidi tano kwa wiki mkikubaliana kwa maandishi. Gharama yake ni hii: mishahara ya wawili wapya Sh 400,000, mchango wa mwajiri NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa ajili yao Sh 40,000, ziada ya wote kama Sh 120,000. Jumla Sh 560,000. Kuajiri kulikuwa nafuu kuliko kulipa ovataimu.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaambatisha hesabu, tukasaini watatu. Wa nne alikataa. Anaishi palepale kituoni, hana pengine pa kwenda, na hatukumlazimisha. Nakala tuliigongesha mhuri wa kupokelewa. Hakukuwa na jibu, isipokuwa mmoja wetu aliambiwa pembeni kwamba walezi wapo wengi mjini.

Tukajaza fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi. Fomu inaitwa CMA F1, na tuliijaza hapahapa Moshi. Huduma haina ada. Nakala unampelekea mwajiri kwanza na unarudi na uthibitisho kwamba ameipokea. Muda ndio wa kuuangalia: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko, madai mengine siku 60, na ukichelewa unalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu. Ndiyo maana ziada ya miaka ya nyuma hatukuipigania sana.

Siku ya usuluhishi meneja alikuja na mhazini wa bodi, mzee mmoja mhasibu mstaafu. Meneja alianza na lile la huduma na mama na mwanawe. Mhazini hakusema kitu, alikuwa anasoma karatasi yetu huku akijumlisha kwa simu. Kisha akamuuliza meneja, kwa sauti ya kawaida tu, "Hizi Sh 720,000 tunadaiwa kila mwezi, na bodi haijui?" Kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa ya fedha, na ya fedha yana mwisho.

Tulisaini makubaliano mbele ya msuluhishi. Mkataba wa maandishi kwa wote wanne, hata asiyesaini barua. Ziada kulipwa kuanzia mwezi ule. Malimbikizo kidogo, kwa awamu. Mapengo ya NSSF kuzibwa, maana tulikuwa tumeomba taarifa za michango yetu tukakuta miezi tuliyokatwa haikupelekwa. Mlezi wa tano aliajiriwa mapema. Wa sita alichelewa, na nadhani asingekuja kabisa kama ovataimu isingeendelea kuwauma.

Zamu bado zinavurugika mtu akiugua, na meneja hanisalimii kwa uchangamfu wa zamani. Sasa tunafuatilia usajili wetu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake unatoka mfukoni mwa mwajiri na si kwenye mshahara wetu, na chanjo ya homa ya ini B kwa walezi wote, kwa kuwa damu na matapishi tunavishika sisi. Barua imeshagongwa mhuri, bodi inakaa mwezi ujao.