Kumbe D yangu ni C ileile

Nina steshenari ndogo huku Ng'ong'ona, wateja wengi wanafunzi wa UDOM, sasa we fikiria mtu kaja na risachi yake kwenye flashi, kurasa 80, kesho anakabidhi, halafu laptopu inaganda. Inaganda kabisa yani. Ka-taa ka diski kanawaka hakazimi, ndani unasikia krr krr krr kama panya darini. Ram (ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB, Windows 10, Chrome tab sita, Word juu yake, lazima izidiwe.

Fundi mmoja akanambia ongeza vechuo memori (virtual memory) uihamishie D, C ipumue, yani zile sehemu mbili za kuhifadhia unazoziona ukifungua kompyuta. Hiyo ni faili inaitwa pagefile.sys, imefichwa, ram ikijaa Windows inamwaga humo vitu ambavyo huvigusi kwa wakati huo. Nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika sysdm.cpl, Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, Change (wameificha utadhani hela ya kikoba). D nikaipa MB 4096 mpaka 8192, nikarestati. Jamani, ikawa nzito kuliko jana!

Nilichokuwa sijui ni kwamba C na D ni diski moja, imekatwa tu. Ni kama kutundika pazia katikati ya chumba cha kupanga halafu unajisifu una nyumba mbili. Ndani kuna sahani inazunguka mara 5400 kwa dakika na kijisindano cha kusomea, sasa Windows iko C, pagefile iko D, kijisindano kinakimbizana huku na huku siku nzima, hapo speed itoke wapi? Ingekuwa diski mbili tofauti kweli hapo sawa.

Nikajibana nikanunua SSD, diski ya chipu, ya 240GB. Haina cha kuzunguka, na hata ram ikijaa kuchota vitu kwenye diski hakuchukui muda kama zamani. Ram nayo nikaipandisha 8GB, pagefile nikairudishia Windows ijipangie yenyewe. Wapo wanaosema uizime kabisa isije ikaua SSD, mi sijaizima, ukiizima ram ikajaa programu zinajifunga zenyewe na risachi ya mtu ndo ishaenda. Na defragi (kule kupanga upya vipande vya faili) kwenye SSD achana nayo, ilikuwa dawa ya zile za sahani.

Diski ya zamani sijaitupa, nimeichomeka ilipokuwa DVD, inatunza pasipoti saizi za wateja. Nikiifungua tu, krr krr.