Mtoto Analia

Jambo hili ninalo tangu Jumanne na halitaki kutulia, basi acha niliandike.

Aliyenipigia ni mtunza stoo wa pale kazi yangu ya zamani, pale pa yule bosi aliyekuwa akihesabu vifuniko vya kalamu, mnamkumbuka. Dada mdogo, kwa sauti. Namba yangu aliikuta kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu pembeni ya kompyuta ya stoo, mwandiko wangu mwenyewe, wino umefifia hadi ile 3 ya mwisho akaisoma 8, akamsumbua mtu mwingine kwanza. Akaniamkia, akahakikisha jina langu mara mbili, kisha akashangaa: "Kumbe upo, mzee! Sisi tuliambiwa aliyetengeneza hii programu alishafariki."

Hilo nililicheka. Sina ugomvi nalo, ingawa hilo "mzee" bado nalitafuna polepole. Linaloninyima usingizi ni lililofuata.

"Samahani, mzee, wakaguzi wa hesabu wanauliza. Mtoto Analia maana yake nini?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa. Kwenye orodha ya makundi ya vipuri, kati ya Mikanda na Nati, kuna kundi linaitwa MTOTO ANALIA. Kila kitu kisichojulikana kiende wapi huingizwa humo. Alifundishwa hivyo na aliyemtangulia, naye alifundishwa na wa kabla yake. Kwa sasa lina vitu 312. Stoo nzima inaongea lugha hiyo: hiki kiweke Mtoto Analia, kile kimekaa Mtoto Analia tangu mwaka juzi.

Nikanyamaza. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema: "Ni vitu vinavyosubiri kuainishwa."

"Ndivyo nilivyodhani." Kalamu ikakwaruza karatasi. "Ni msemo wa kitaalamu?"

"Ndiyo. Wa zamani."

Wa zamani! Kwa nini nisingesema ukweli tu? Ukweli wenyewe ni mfupi. Ilikuwa 2004, usiku, kompyuta iko chumbani kwa sababu hatukuwa na pengine pa kuiweka. Nilitaka kuona kama orodha inakubali kundi lenye jina la maneno mawili. Wenzangu wakijaribu kitu huandika "aaa" au hubonyeza herufi zozote zilizo karibu. Nyuma yangu Kifungua, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa analia, vidole vikaandika kile masikio yalichokuwa yanasikia. Nikafurahi kuona jina limekubalika, nikaendelea na kazi. Kulifuta baadaye ilishindikana, maana kitufe cha kufuta kundi sikuwahi kukiandika. Nilipanga kukiandika.

Nimeyarudia mazungumzo hayo kwenye basi, bafuni, na juzi nikiwa nimeachama kwa daktari wa meno. (Jino limetoka, vitengo vyetu viwili vya ofisini vinaunganishwa kuwa kimoja, na Kifungua mwenyewe amepata nafasi ya mafunzo kazini, anahama Jumapili. Ndiyo habari za wiki.)

Jumatano usiku nikamsimulia mama watoto, nikitarajia acheke. Alicheka kweli, hadi akakaa chini. Kisha akarudi kukunja nguo, akasema bila kuniangalia: "Kwa hiyo alikuwa analia, wewe ukaandika."

"Nilikuwa najaribu programu."

"Najua. Aliyeamka ni mimi."

Hakuwa na hasira hata chembe. Angekuwa nayo ningepata la kujibu. Maana ni kweli, na kuna kompyuta mahali inayoionyesha kila asubuhi kwa herufi kubwa: huyu bwana alimsikia mtoto, akaandika kwamba amemsikia, akaendelea.

Nikajaribu kujifariji na Stuart Feldman, aliyeandika make, programu ya kuunda programu nyingine kutoka kwenye msimbo wake, pale Bell Labs mwaka 1976. Mistari ya amri ndani ya faili zake lazima ianze kwa tabo, ile nafasi ya kitufe cha Tab, ukiweka nafasi za kawaida inagoma. Mwenyewe aliliona tatizo mapema, wiki chache tu baada ya kuanza, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni, wengi wao marafiki, hakutaka kuwaharibia walichonacho. Akaacha hivyo hivyo. Karibu nusu karne sasa watu wanakodolea macho nafasi tupu wakitafuta tabo. Na yeye alikuwa na dazeni! Mimi watunza stoo wangu, kwa miaka yote hii, ni wanne.

Lakini kuna kitu alikisema yule dada ambacho nilikipita mbio kwa aibu yangu, nikakikumbuka jana tu nikiosha vyombo. Alisema waliwahi kuletewa mfumo mpya, wa kisasa, wakakaa nao miezi mitatu wakarudi kwenye wangu. "Ule ulikuwa haukubali kitu kisicho na kundi, mzee. Unakuambia chagua, na hakuna la kuchagua. Huu wako una Mtoto Analia." Nikasimama na sahani mkononi nikicheka peke yangu. Kosa langu limeshinda zabuni.

Furaha ilidumu hadi kwenye vikombe. Kwa sababu kabla ya kukata simu alinisomea pia, kwa fahari, namba ya hati ya siku ile: 31,402. Na mimi namba ya hati niliitangaza kuwa Integer, aina ya namba yenye kikomo. Kwenye Visual Basic 6, lugha niliyoiandikia programu hiyo, Integer inabeba hadi 32,767, basi. Ilitakiwa niandike Long, inayobeba namba kubwa zaidi, tena neno fupi kuliko Integer, lakini mwaka ule elfu thelathini ilikuwa namba ya watu wengine. Wanatoa hati kama 130 kwa mwezi. Zimebaki 1,365. Baada ya miezi kumi na kitu mtu atabonyeza Hifadhi, litatokea neno Overflow, yaani namba imefurika, na programu itajifunga kila atakapojaribu tena.

Wao msimbo hawana. Mimi ninao, kwenye sidii, nimeichimbua leo kutoka kwenye boksi la nyaya. Kompyuta zote za nyumba hii hazina pa kuingizia sidii. Nitampigia yule dada Jumatatu, na nikimpigia itabidi nimwambie na lile lingine.

Nilikuwa nimalizie hapo ila Mama kapiga simu sasa hivi. Dawa zake za presha zimebaki za siku mbili, na anasema hakutaka kunisumbua. Mbili, kuanzia leo au kuanzia kesho, sikumuuliza, na sasa hapokei.