Uzoefu wangu: mazoezi ya kiharusi yanayofanyika kweli nyumbani

Hapa Moshi, mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitali anarudi Kibosho au Marangu, na hadi kliniki ijayo mazoezi yako mikononi mwake na mwa watu wa nyumbani. Malengo mengi hufia hapo, kwa sababu "mguu upate nguvu" hakumwambii mtu leo afanye nini. Namuuliza mgonjwa mwenyewe, si mwanawe: baba, unataka kufika wapi kwa miguu yako? Akisema chooni, tunapima njia na kuandika: kutoka kitandani hadi choo cha nje, mita 20, kwa fimbo, bila kushikwa, ndani ya wiki 6.

Lengo hilo naligawa katika ngazi tano, utaratibu ulioanzishwa na Kiresuk na Sherman huko Marekani mwaka 1968. Hali ya leo, hatembei bila kushikwa, ni -2. Akifika mlangoni mwenyewe kwa fimbo ni -1. Chooni kwa fimbo ni 0, ndilo lengo. Akifika bila fimbo ni +1. Akienda na kurudi bila fimbo, +2. Familia ikiona ametoka -2 hadi -1 haisemi tena kwamba mazoezi hayasaidii.

Zoezi ninaloanza nalo ni kusimama kutoka kwenye kiti, mara 5, mizunguko 3. Kiti cha plastiki kiegemezwe ukutani, vinginevyo kinateleza. Kandambili zivuliwe. Kikiwa kifupi, kiongezwe kimo kwa blanketi lililokunjwa likawa gumu. Mto laini unamzamisha. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, na mguu dhaifu uwe nyuma ya mzima, la sivyo mguu mzima utabeba kazi yote na dhaifu hautajifunza kitu. Ainamishe kifua mbele ndipo anyanyuke. Msaidizi akae upande dhaifu, asivute kamwe mkono uliopooza: misuli inayoshika bega imelegea, na maumivu ya bega yatamfanya akatae mazoezi yote. Kizunguzungu au maumivu ya kifua, asitishe.

"Fanya kila siku" haitoshi. Kiharusi kikigusa sehemu ya mbele ya ubongo, mtu anaelewa zoezi na analitaka, ila kulianzisha ndiko kunakomshinda. Inaniuma kusikia akiitwa mvivu. Kwa hiyo naliambatanisha na jambo ambalo tayari hutokea: "Nikimaliza kikombe cha chai ya asubuhi, nasimama mara 5." Anarudia sentensi hiyo kwa sauti mbele yangu, kwenye kiti kilekile atakachotumia. Kila mzunguko una kishikizo chake: chai, chakula cha mchana, sala ya jioni. Mgonjwa wa aina nyingine, mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kukakamaa), namwekea muda ambao dawa yake imeshafanya kazi, si kabla ya kuimeza.

Kalenda ya kuweka alama itundikwe anakoweza kuiona. Mgonjwa ambaye ubongo umeumia upande wa kulia mara nyingi hauzingatii upande wa kushoto, hivyo ikae kulia kwake. Alama aweke yeye.

Siku ya tatu napiga simu. Siulizi "unafanya mazoezi?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Nauliza jana alisimama mara ngapi baada ya chai. Akisimama chini ya nusu ya mara hizo 5 kwa siku tatu mfululizo, napunguza idadi hadi 2, lakini chai inabaki palepale.